Mashua Iliyokuwa na Kiu

Nakumbuka siku moja niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale Kariobangi, Nairobi, nikaandika kwa mkono wangu kwamba mashua aliyoiunda baba yangu ikatwe vipande. Mwanangu, jambo hilo nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukiwauliza ndugu zangu watakuambia mimi ndiye niliyeiokoa, maana ndivyo nilivyosimulia kwenye harusi na kwenye matanga, mpaka mwenyewe nikaamini. Niliiokoa, ndiyo. Lakini aliyetaka kuiua pia ni mimi.

Baba alikuwa seremala. Kwetu ni Samia, kando ya ziwa, na kabla hajaja Nairobi kutengeneza vitanda na makabati, alikuwa ameunda mashua moja ya tanga yenye kijumba cha kulala watu wawili. Aliiunda kwa ajili ya daktari mmoja aliyependa kuzunguka visiwani na kukaa huko siku tatu, nne. Ilimbeba daktari huyo miaka mingi. Halafu akanunua nyingine, ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa, iliyotengenezwa Industrial Area. Ile ya zamani alikuwa ameileta kwa lori ifanyiwe ukarabati, na mpya ikaja kuwekwa kando yake, zote mbili juu ya magogo mbele ya karakana ya Baba, jua likiziwakia miezi mitatu.

Mambo hayo yalikuwa katika miaka ya tisini. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, nami nilikuwa nyumbani na masomo yangu ya uhandisi ya mwaka wa tatu, nikitafuta wa kumwonyesha. Daktari hakuweza kutunza mashua mbili. Akaniambia, "Mwulize fundi, atasifu kazi yake. Wewe umesoma. Zilinganishe, uniandikie nibaki na ipi."

Mwanangu, hujawahi kuona mtu akijaa kichwa kwa haraka vile. Baba alikuwa amekwenda nyumbani kuzika shangazi yake, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunishika mkono. Nilipima kila kitu. Ya zamani ilikuwa ya mvule, nyembamba, nzito, na kijumba chake kiliwataka watu wawili wapendane sana. Mkuku wake, ule uti wa chini ya mashua, ulishuka kama jembe. Mpya ilikuwa nyepesi, pana, ina meza na mahali pa jiko, na mtu wa kimo changu angeweza kusimama ndani na kuvaa sketi bila kugonga kichwa. Niliipa alama kwa hilo. Kumbuka kwamba sikuwa nimewahi kusafiri kwa mashua hata siku moja. Nilizaliwa Makadara, jijini Nairobi.

Mafundi wa pale hawakuniacha. "Sasa, mtoto wa Nuhu!" mchomeleaji wa jirani alikuwa akipaza sauti kila asubuhi. "Mvua ni lini? Tuanze kupanga wanyama?"

Nilikuwa nimebuni jaribio la kisayansi. Kwa kuwa Kariobangi haina ziwa, nilinunua maji ya mkokoteni, nikamimina mitungi kumi katika kila mashua. Mpya haikutoa hata tone. Ya zamani ilitiririka kila mahali mbao zilipokutana, kushoto, kulia, mbele na nyuma. Mifereji ya mtaa ilikuwa mikavu wiki nzima, kwa hiyo akina mama walikuja mbio na mabeseni kukinga.

"Msomi, ongeza mengine!" mmoja akasema. "Langu halijajaa!"

Jioni hiyohiyo niliandika: mashua ya zamani imefika mwisho, vyuma vyake vitolewe, mbao zikatwe. Daktari alisoma, akakubali kwa huzuni, akapanga Jumamosi mnunuzi wa mbao aje na msumeno.

Baba alirudi Jumatatu. Alisoma ripoti polepole, kidole chini ya kila neno, kisha akaenda kuipapasa mashua ubavuni.

"Mama," akaniita, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "uliiacha inywe siku ngapi?"

"Inywe nini?"

"Maji. Mbao zimekaa juani miezi mitatu, zimesinyaa. Mashua ya mbao hutiwa maji, ikavuja, ikanywa, ikavimba, ikajifunga. Uliiacha siku ngapi?"

"Dakika ishirini, Baba."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Nikamwambia ampigie daktari amweleze.

"Mimi? Nikiitetea, nitakuwa seremala anayelilia kazi ya mkono wake. Wewe uliandika. Hiyo si kazi yangu."

Nilinuna siku mbili. Nilimweleza habari za nyuzi za kioo na uzito wa maji. Akasikiliza kwa heshima, huku akitandika magunia ndani ya mashua yake na kuyalowesha kwa maji ya kufulia. Hakunilaumu tena. Alhamisi asubuhi nilimimina mitungi kumi kwa mara ya pili, nikapiga magoti nikiwa na tochi. Matone matatu. Nikasubiri saa nzima. Hakuna la nne.

Nasaha yangu naiweka hapa, kwa kuwa baada ya simu niliyompigia daktari sina la kuongeza. Mwanangu, elimu yako ni nzuri, usiione haya. Lakini kabla hujatoa hukumu juu ya kazi ya mtu, mwulize aliyeifanya inavyotumika. Na ukikosea, nenda useme mwenyewe, kwa miguu yako, mapema, kabla msumeno haujafika. Mungu akupe macho ya kuona upesi kuliko yangu, na akupe mtu atakayekataa kukusemea.

Nilitembea hadi kibanda cha simu na sarafu mkononi. Daktari alipokea.

"Daktari, ripoti yangu ina kosa. Mashua haijaoza. Ilikuwa na kiu."

"Fundi amekutuma?"

"Amekataa kunituma."

Akaniuliza, "Upepo wa alasiri ukinikuta katikati ya ziwa, ungetaka niwe ndani ya ipi?"

"Ya zamani. Mpya ina nafasi na ni nyepesi, lakini itarushwarushwa. Ya zamani ina mkuku mzito, ikiinama, inarudi."

"Basi mpya nitaiuza. Mpe fundi simu nimwambie."

"Yuko karakana, Daktari. Nimekuja peke yangu."

Nilisikia sarafu yangu ya mwisho ikianguka ndani ya kile kisanduku.

"Sawa, fundi," akaniambia mimi. "Isikatwe."