Bakuli la Mira

Denise Kyabu hulala amechoka na huamka amechoka, na ukimpa pole atakuuliza pole hiyo inaliwa na mboga gani. Mimi ni jirani yake hapa Kamina, najua. Miaka tisa sasa anakaanga soya na karanga, anazichanganya na mahindi, anapeleka mashineni kusagwa, kisha anagawa unga huo wa uji kwa akina mama ambao watoto wao wamekutwa wamekonda. Maziwa ya kopo huku ni ya matajiri. Unga huu unawezekana.

Lakini tangu Pasaka mtoto mmoja alimnyima usingizi: Mira, wa miaka miwili, binti wa Salomé. Kila Ijumaa alipewa unga, na kila Ijumaa utepe wa kupimia mkono ulisimama palepale kwenye rangi ya njano, kidogo tu uingie nyekundu ya hatari. Muuguzi alishasema mkono ukipungua tena, Mira atalazwa.

Denise akaamua kwamba Salomé anauza unga. Asubuhi moja alikwenda kwake amejaa hasira, hata hodi hakupiga vizuri.

Hakukuta biashara. Alikuta sufuria kubwa, uji mwepesi kama maji ya kunawa, na watoto watano wanaunywa.

“Salomé, nilikuambia uji ya Mira ikuwe nzito, ya yeye peke!”

“Mama Denise, weye pia uko na batoto. Huyu anakula, bengine bane banamuangalia? Minyi siwezi. Njo maana naongeza maji, ifikie bote.”

Maneno hayo yalimuudhi Denise kuliko wizi. Kwao pia, mtoto anayekula peke yake huitwa mchoyo kabla hajajua kutembea.

“Basi umulete kwangu kila asubuhi,” alisema.

Siku ya kwanza alipika uji mzito wa bakuli moja, akatia mawese, akamketisha Mira mkekani. Mtoto aliutazama uji, akatazama mlangoni. Kisha akachota kijiko, akamnyooshea Denise.

“Hapana, mama, ni yako. Kula.”

Mira hakukirudisha. Uji ulidondoka mkekani, na bado hakukirudisha. Denise alibembeleza, akafoka, akaimba wimbo wa kanisani. Mira akafunga mdomo.

Denise alikuwa hajala tangu mchana wa siku iliyotangulia. Aliniambia juzi tu, tena kwa aibu. Miaka yote tisa hakuwahi kuonja unga ule zaidi ya ncha ya kidole, kwa kuogopa kwamba akianza hataacha.

Alifungua mdomo, akala. Ndipo Mira naye akala. Kijiko kimoja kwa Denise, kimoja kwake, hadi uji ukaisha, na nusu ya chakula cha mtoto aliyekonda ikawa tumboni mwa Denise. Alijifunika uso kwa kitenge, akalia. Halafu akainuka, akachochea moto, akaanza kupika bakuli la pili.