Vifaranga Niliowaficha

Jamani, mimi mwenzenu nimeua ndege wa watu nikiwa nimekaa kwa kochi hapa Abu Hamour, huku kwa Waarabu, AC ikinipuliza miguu.

Mjukuu wangu Nafula anafanya kazi ya kompyuta. Kuna visiwa huko kusini kabisa, baridi tupu, sili, wale wanyama wanene wa baharini, wamelala kwa mawe kama magunia. Kamera zinapiga picha za pengwini, halafu Nafula anaweka alama nyekundu juu ya kila kifaranga, wakubwa wake wajue wangapi wako hai. Wiki iliyopita akaumwa na macho. Nikamwambia, "Lete hiyo kitu. Kuku nimefuga maisha yangu yote, kifaranga atanishinda?"

Sasa, kwetu vitoto havihesabiwi vyote. Ukimaliza kuvihesabu, umeviitia kifo. Kwa hivyo kila kiota chenye wawili, nilimwekea mmoja alama, mwingine nikamwombea tu.

Juzi bosi akapiga simu ya video, uso umekunjamana. Nafula akanigeukia.

"Nyanya, anasema nusu ya vifaranga wamekufa. Wanatuma meli na daktari. Wakifika wakute nimekosea, kazi sina."

Nikacheka, mimi mzee. "Meli ya nini? Hawajafa. Niliwaficha."

"Uliwaficha?"

"Si ndio wasife!"

Nafula akafumba macho. Kisha akanigeuzia kompyuta, na mimi mandazi mdomoni, bosi na wenzake, wazungu wanane kwa skrini, wakinikodolea macho.

"Haya, waambie mwenyewe. Mimi nitatafsiri."