Mbwa Mia Tatu wa Bi Hatsue

Saa tatu na robo asubuhi, gari la pili limeshashusha watu na viatu vimepangwa mlangoni, ncha zikitazama nje. Sachie Furuta anampima joto mtu wa mwisho, anamimina chai ya shayiri kwenye vikombe tisa, kisha anaweka katikati ya meza rundo la vipeperushi vya duka la vyakula vya wiki iliyopita.

"Leo mbwa tena?" anauliza Mzee Tokuji, mwenye miaka 88.

"Mbwa tena, babu."

"Mbwa, mbwa, mbwa! Miaka hamsini na tano nimetengeneza karatasi katika mji huu, karatasi ya kupeleka hekaluni, leo nazeeka nikikunja bei ya maboga."

"Kunja, acha maneno," anamkatiza Bi Yoneko, mwenye miaka 84, anayekaa kushoto kwake. "Mbwa wako wa jana alikuwa na sikio kama mfuniko wa sufuria."

Meza nzima inacheka. Ina viti kumi. Tisa vina watu. Cha kumi, cha buluu karibu na dirisha, kina mkoba wa Sachie.

Mkoba huo umekaa hapo siku ishirini na tisa. Kanuni ya kituo hiki kidogo cha wazee mjini Mino ni kwamba nafasi ya mtu aliyelazwa hospitalini hushikiliwa siku thelathini. Zikipita, anaitwa anayefuata kwenye orodha, na orodha ina watu sita. Kiti ni cha Bi Hatsue Mizuno, mwenye miaka 91, na leo ndiyo siku ya kujua kama atarudi kukikalia.

Sachie ana miaka 58. Kazi yake ni kuhudumia wazee: anawaogesha, anawakata kucha, anaamua ugomvi wa nani alimchumbia nani mwaka ambao yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa. Analipwa yeni 192,000 kwa mwezi, na mgongo wake, anasema, unajua zilikotoka zote.

Lakini ukimuuliza mtu yeyote pale kuhusu Sachie, atakutajia nusu saa ya karatasi. Kila asubuhi, kabla ya mazoezi ya miguu, wanakunja wanyama ili vidole visigande.

"Vituo vingine wanaimba," anasema. "Sisi tunakunja. Kukunja hakuhitaji sauti, kwa hiyo mdomo unabaki huru kwa umbea."

Na umbea upo wa kutosha. Kabla ya chakula cha mchana utakuwa umeshajua nani kanunua gari asiloliweza, na mkwe wa nani anatia sukari kwenye supu ya miso, ile ya soya yenye chumvi.

Aliyemfundisha Sachie kukunja ni huyo huyo Bi Hatsue. Zamani alikuwa na duka la peremende kando ya mfereji, na mtoto akimaliza peremende yake alitakiwa kuikunja karatasi yake kabla ya kuondoka.

"Alikuwa na rula ya mwanzi," Sachie anakumbuka, akijishika kidole. "'Kona na kona, mtoto wee! Kona isipokutana na mwenzake, hakuna mnyama atakayekuja.' Nilikuwa na miaka sita. Mpaka leo nikikunja taulo namsikia."

Mwezi uliopita Bi Hatsue alianguka mlangoni kwake akivua viatu, akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Yeye ndiye hakwenda vizuri. Aligeukia ukuta, akaacha kusema, akakataa mazoezi. Binti yake, Noriko, anayeishi Nagoya, alijaza fomu ya nyumba ya wazee karibu naye. Hakuna wa kumlaumu. Mama asiyesimama hawezi kuachwa peke yake katika nyumba yenye ngazi.

Mezani pa Sachie habari ilipofika, wote walisema neno moja: korongo. Mgonjwa hupelekewa korongo elfu moja wa karatasi waliofungwa kwa uzi, hilo halina mjadala. Wakaanza.

"Kwa siku tatu tulipata korongo wanane," anasema Sachie. "Wawili wao walifanana na kuku aliyekanyagwa na lori."

"Mmoja wangu," anakiri Mzee Tokuji.

"Wote wawili wako," anasema Bi Yoneko.

Korongo anataka vidole. Mikono ya Mzee Tokuji inatetemeka, ya Bi Yoneko imevimba kwenye viungo. Sachie akafikiri, akachagua mnyama ambaye kila mtu mezani angemmudu: uso wa mbwa. Karatasi ya mraba inakunjwa kona kwa kona iwe pembetatu. Kona mbili zinashushwa, ni masikio. Ncha ya chini inainuliwa, ni kidevu. Macho mawili kwa kalamu, basi.

Wakakata vipeperushi na kukunja asubuhi na alasiri, hata waliozoea kusinzia baada ya kula. Mbwa mmoja alikuwa na punguzo la samaki kwenye paji la uso, mwingine alibeba mayai kwenye sikio. Walipotimia mia tatu, Sachie akawatunga kwenye uzi, na siku yake ya mapumziko akapanda treni kwenda hospitali.

Noriko alikuwa kando ya kitanda. Alipoona mzigo unatoka kwenye mfuko, uso wake ukabadilika.

"Dada Sachie," alisema polepole, "mmemletea mama yangu mbwa?"

Hapo ndipo Sachie alipoelewa walichofanya. Mbwa huzaa bila taabu, kwa hiyo mbwa ni wa wajawazito. Mimba ikifika mwezi wa tano, mwanamke huenda hekaluni siku ya mbwa katika kalenda ya jadi, ambayo siku zake hupewa wanyama, akafungwa kitambaa tumboni ili ajifungue salama. Sachie alifungwa. Noriko alifungwa. Bi Yoneko alifungwa mara nne. Watu wazima tisa na mhudumu wao walikunja mbwa mia tatu kwa ajili ya ajuza wa miaka 91, na hakuna aliyekumbuka, kwa kuwa kila mtu alikuwa anatazama masikio.

"Nilitamani sakafu inimeze," anasema Sachie. "Nikainama kuomba radhi mpaka paji la uso likagusa kitanda. Nikiwa nimeinama hivyo, nikasikia sauti kutoka ukutani."

Sauti ilisema: "Kwani nina miezi mingapi?"

Lilikuwa neno la kwanza la Bi Hatsue baada ya siku kumi na tisa. Noriko akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mgonjwa akageuka, akataka miwani, akawavuta mbwa karibu, akawakagua mmoja mmoja kama mtu anayenunua samaki.

"Hili sikio kakunja nani?"

"Mzee Tokuji, mama," akajibu Sachie.

"Na hili?"

"Huyo huyo."

"Mnamwacha tu? Hakuna mwenye rula huko?" Kesho yake asubuhi alimwambia muuguzi amsimamishe.

Siku kumi amekuwa akifanya mazoezi. Leo hospitali imemruhusu kutoka, na Noriko ameweka sharti lake wazi: mama akitembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi kitini, atarudi Mino. Asipoweza, ni Nagoya. Fomu iko kwenye mkoba wake.

Saa nne kasoro dakika kumi, gari linasimama nje. Mezani wanaacha kukunja, wanageukia mlango.

Bi Hatsue anaingia akishika kigari cha kutembelea cha magurudumu mawili. Noriko yuko nyuma yake, mikono nusu imenyooshwa. Sachie amesimama kando ya kiti cha buluu, mikono kaificha chini ya aproni. Hasogei. Anajua akisogea, safari hiyo haitahesabiwa.

Hatua nne. Tano. Kwenye ya saba Bi Hatsue anasimama, anahema. Noriko anapiga hatua mbele.

"Ngoja," anasema mama yake bila kugeuka. Hakusimama kupumzika tu. Anatazama mezani, mbele ya Mzee Tokuji. "Tokuji, huyo ni mbwa au ni kiazi?"

"Ni mbwa, dada. Amelala."

"Mwamshe. Nakuja."

Anakuja. Hatua nne zaidi, zilizomchukua karibu dakika nzima. Sachie anaondoa mkoba wake kwenye kiti, kwa mara ya kwanza katika siku ishirini na tisa, na Bi Hatsue anakaa.

"Wa kiume au wa kike?" Bi Yoneko anamuuliza, akimtazama tumboni.

"Mapacha," anajibu Bi Hatsue, akigonga magurudumu mawili ya kigari chake.

Wakati wanacheka, Noriko anatoa fomu kwenye mkoba. Anaitazama kidogo, kisha anaikata iwe mraba kwa mkasi wa mezani na kuisukuma kwa mama yake.

Sachie amebakiza miaka miwili kustaafu. Anasema hatamani makubwa. "Kabla sijaondoka, nataka meza hii ifike kwa korongo. Hata kama ni mmoja kwa kila mtu, lakini aweze kusimama."

"Kwa mikono ya Tokuji?" anasema Bi Hatsue, ambaye tayari ameikunja ile fomu kona kwa kona na anaikandamiza kwa ukucha. "Kesho tunaanza na paka. Sachie mwanangu, niletee rula."