Mkono Nilioung'ata Kwenye Mdomo wa Shimo la Kabichi

Mzee Luan alikuwa hajatia mguu kwenye uwanja wetu kwa miaka tisa.

Siku alipoutia, alinidaka kiuno kwa nyuma akanikaba kama mwizi wa kuku. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu.

Chini ya miguu yetu, ndani ya shimo, baba mkwe wangu alikuwa anakata roho.

Mimi nilitaka kuingia nimtoe. Luan hakutaka.

Hii habari nimeikalia muda mrefu. Leo naitoa, maana baridi ndiyo hiyo inaingia na watu wanafungua mashimo yao.

Naitwa Yuexia. Nimezaliwa Fujian, kusini, pwani, ambako baridi maana yake ni kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Nikaolewa na Hongliang, mtoto wa Heilongjiang, kaskazini kabisa, ambako Januari ukitundika suruali nje unairudisha ndani imesimama wima kama mtu.

Mwaka ule mume wangu alikuwa kwenye ujenzi Dalian, harudi mpaka mwaka mpya. Nyumbani kijijini tukabaki watatu: mimi, binti yetu Nini wa miaka minne, na baba mkwe, mzee Geng.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Mwezi wangu wa kumi wa kwanza kule.

Mzee Geng hakuwa mtu wa kuongea. Alikuwa mtu wa kazi. Wiki mbili nzima tulikuwa tunaiandaa nyumba kama watu wanaosubiri vita. Tulikwangua masizi kwenye njia ya moshi chini ya kitanda cha udongo, maana ikiziba, moto wa kukipasha kitanda unageuka kuwa sumu. Tukarundika magunzi ya mahindi mpaka kwenye paa. Tukasugua mitungi ya kabichi chachu.

Halafu kabichi zenyewe. Mia tatu. Nilidhani mzee ananitania.

Kila nikikosea kitu, hakunigombeza. Aliguna tu. Jamani, lile guno. Bora angenitukana. Nikilisikia najiona mzigo, bibi wa mjini aliyeletewa mzee wa watu amsumbue.

Upande wa pili wa uzio walikaa mzee Luan na mkewe. Hawa hawakusalimiana na baba mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anatazama mawingu, mwingine anatazama viatu. Nilipomuuliza Hongliang kwenye simu, akasema ni mambo ya mpaka wa shamba, nisijiingize. Nikauchuna.

Sasa, shimo.

Lilikuwa pembeni ya jiko, kwenda chini mita tatu, ngazi ya mbao, mfuniko mzito wa mbao juu. Huko ndiko kabichi na viazi vinalala miezi yote ya barafu. Halikuwa limefunguliwa tangu masika, na chini yalibaki mabaki ya mwaka uliopita, yameoza.

Baba alilifungua Jumatatu asubuhi. Akaniambia anakwenda mjini siku mbili kwa dada yake na kuleta nailoni ya kuziba madirisha. Akaniagiza kitu kimoja tu: shimo libaki wazi mpaka arudi, hewa iliyolala chini itoke.

Nikaitika.

Hata lisaa halijaisha, Nini akawa anafukuza kuku. Kuku akaruka shimo. Nini hakujua kuruka. Nilimdaka kofia, mguu mmoja ukiwa tayari hewani.

 Nikasukuma mfuniko nikafunika, na magunia mawili ya mahindi juu yake. Nikajiambia, mtoto akilala nitafungua.

Siku ya kwanza nilisahau. Siku ya pili nilikumbuka. Niliona uvivu kuyaburuta yale magunia, huo ndio ukweli.

Jumatano mchana nikasikia pikipiki ya magurudumu matatu inakuja barabarani. Nikatoka mbio, nikaburuta magunia, nikasukuma mfuniko pembeni. Baba anaingia uwanjani, mimi najifuta mikono kwenye aproni, najikausha.

Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza kupuliza. Redioni walisema jioni hiyohiyo baridi inashuka chini ya sifuri, nyuzi kumi na mbili. Kabichi mia tatu zilikuwa nje ukutani. Zikigandia pale, tumekwisha.

Baba hakukaa hata kunywa chai. Akawasha mshumaa ndani ya kopo, akalishusha shimoni kwa kamba kupima hewa.

Katikati ya safari, mshumaa ukazimika.

Akaupandisha, akauwasha tena, akaushusha. Ukazimika.

Akasimama pale anautazama moshi wake. Kisha akanigeukia.

"Mama Nini, lilikuwa wazi siku zote mbili?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwepo pale, ndefu kabisa. Lakini nilisikia guno lake hata kabla hajaguna.

"Ndiyo, baba."

"Basi ni huu upepo."

Akashuka.

Nilishika kabichi ya kwanza mkononi tayari kumpa. Alishuka vipandio sita au saba. Akasema kitu, ulimi mzito kama mlevi, sikumwelewa. Halafu nikasikia kishindo, na ngazi ikatikisika.

Nilimwita. Kimya.

Nikachungulia. Alikuwa amekaa chini ameegemea ngazi, kola ya koti lake imenasa kwenye msumari, kichwa kimening'inia.

Sijui nilipiga ukelele gani. Ninachokumbuka ni kwamba mguu wangu wa kushoto ulikuwa tayari kwenye kipandio cha kwanza, ndipo ile mikono ikanidaka.

Luan alikuwa anagongomelea madirisha yake. Aliruka uzio na nyundo bado mkononi.

Nilimpiga viwiko, nikamrushia mateke. Nikamwambia ametaka hili siku zote, kwamba ana furaha moyoni, kwamba ni muuaji. Nikamng'ata. Hakuachia. Alinibeba hivyohivyo akanitupa juu ya lundo la kabichi, akanisimamia kichwani.

"Ukishuka natoa maiti mbili. Leta kipulizio cha jiko lako. Kimbia."

Kuna sauti ukisikia, miguu inatii kabla ya akili. Nikakimbia.

Kila jiko kule lina kipulizio, feni ndogo ya umeme ya kuchochea moto. Niliporudi nacho na waya wake, Luan alikuwa amechana furushi la nailoni ya madirisha kwenye pikipiki ya baba. Ile nailoni inauzwa kama bomba, mfuko usio na kitako. Akafunga upande mmoja kwenye mdomo wa kipulizio, upande mwingine akautupa shimoni.

Nikachomeka umeme. Bomba likavimba, likaanza kusukuma hewa chini kwa baba.

Luan hakushuka.

Alisimama anahesabu kwa midomo, bila sauti. Mkewe alishafika, ameshika kamba, anamfunga kiunoni. Nini alikuwa mlangoni analia, anamwita babu yake. Nikamwambia Luan, nakuomba, shuka. Akaendelea kuhesabu. Damu ya mkono wake ilikuwa inadondokea kwenye theluji ya kwanza iliyoanza kuanguka, na yeye anahesabu.

Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia mtu yule dakika ile.

Kisha akashusha mshumaa. Uliwaka hadi chini.

Hapohapo akavuta pumzi akashuka. Akamfunga baba kamba kwapani, akamsukuma kwa mabega, mimi na mkewe tunavuta huku juu mpaka viganja vikachubuka. Baba alitoka shimoni midomo ya bluu, mzito kama gunia la mchanga.

Luan akatoka, akapiga magoti, akampulizia kinywani. Mdomo kwa mdomo na mtu ambaye hajamsalimia miaka tisa.

Baba akakohoa.

Kuna muziki mtamu hapa duniani, lakini si kama kile kikohozi.

Tabibu wa kijiji alikuja, akampima, akasema ile kola iliyonasa ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu hewa mbaya zaidi inalala chini kabisa na kichwa chake kilibaki juu kidogo. Angelala chali, habari nyingine.

Tulimlaza kwenye kitanda cha udongo, moto unawaka chini yake. Luan alikaa pembeni, mkewe anamfunga kitambaa mkononi.  Mwishowe Luan akauliza, bila kumtazama yeyote, ilikuwaje mtu kama Geng akashuka kwenye shimo lililozima mshumaa.

Baba akafumbua macho.

"Ulikuwa upepo," akasema.

Alikuwa ameshajua. Nilimwona usoni kwamba ameshajua. Magunia yalikuwa bado pale nje, na michirizi yake kwenye udongo.

Nikapiga magoti nikasema yote. Mtoto, mfuniko, uvivu, uongo. Nilisubiri guno. Halikuja. Baba akaniambia ninyanyuke, sakafu ina baridi.

Luan ndiye aliyelia.

Mzee wa miaka sitini na kitu, mabega yanatikisika. Nikadhani ni hasira juu yangu. Akauinua ule mkono wenye kitambaa akamwonyesha baba.

"Geng, mdogo wangu alipoangukia kwenye shimo letu, ulinishika hivi huku unahesabu. Nilikung'ata begani."

"Mara mbili," baba akasema.

"Miaka tisa najiambia ningemtoa. Kwamba wewe ndiye uliyemuua. Leo nimeng'atwa, nikahesabu, nikajua ulikuwa unahesabu nini siku ile: muda wa hewa kuingia."

Hapakuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Hapakuwahi kuwa nao.

Mkewe akajifunika uso. Baba akasogea kwa shida kwenye kitanda, akaacha nafasi upande wenye joto, akaipigapiga kwa kiganja. Luan akavua viatu akapanda.

Kabichi tuliziingiza sisi wanawake wawili, kabla giza halijashika, kipulizio kikivuma muda wote.

Ndugu msomaji, uongo wangu ulikuwa neno moja, nao ulitosha kumshusha mtu kaburini. Ukiulizwa swali na mtu anayekwenda kuhatarisha roho yake, meza aibu yako, sema kweli. Guno halijawahi kuua mtu.

Na kama kuna aliyekuzuia siku uliyotaka kuruka, na mpaka leo humsemeshi, mtafute kabla barafu haijafunga njia.