Pikapu Iliyougua kwa Kutunzwa

Baba alinunua pikapu baada ya kustaafu kazi ya ubwana shamba, na kosa lake lilikuwa kuitunza. Ilikuwa dabo kebini ya dizeli, ya kijivu, ya kisasa kiasi kwamba ilipiga kelele ukisahau mkanda. Aliijengea kibanda, akaifunika kwa turubai, na zile nailoni zilizokuja na viti hakuzitoa. Jumapili aliifunua, akaiendesha kutoka nyumbani kwetu Ruring'u mpaka kanisani, akairudisha na kuifunika tena kabla injini haijapata joto la maana. Watu wa huku tuko hivyo. Vikombe vya wageni nyumbani kwetu vilizeekea kabatini.

Kwa hiyo taa ya rangi ya chungwa ilipowaka kwenye dashibodi, baba aliichukulia kama utovu wa adabu. Tulikwenda kwa fundi mjini. Akachomeka kompyuta yake, akasoma, akacheka kidogo.

"Mzee, hii gari haina ugonjwa. Ni vile haitembei," alisema. "Hapa kwa ekzosi iko na chujio ya kushika masizi. Ikijaa inataka kuchomwa, na hiyo moto inatoka tu kwa safari. Enda nayo mpaka Nanyuki, mwendo moja. Lakini ikianza kuchoma usisimame katikati, itabidi uanze tena."

"Ati niende Nanyuki kufanya nini?"

"Kuenda tu, mzee."

Hilo ndilo lililomshinda baba. Mtu wa rika lake hachomi dizeli kwenda mahali asikokuwa na haja. Ikabidi haja itafutwe. Tukapeleka viazi Wang'uru na kurudi na mchele. Taa ilipowaka tena tukaupeleka mchele Nanyuki, tukakuta kila duka limejaa mchele uleule wa Mwea, tukarudi nao nyumbani. Sikumbuki gunia moja liliuzunguka mlima ulio kati ya miji hiyo mara ngapi kabla hatujaamua kulila.

Nasema tulikwenda kwa sababu baba alikuwa ameanza kutaka niandamane naye. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kiti cha abiria kilikuwa chake. Nilidhani baba hataki kukiona kitupu. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo ananiita mama, na akisimama mlangoni na kusema "Mama, twende," sina namna ya kukataa. Njiani alipenda kuniuliza naona nini. Nilimweleza kuhusu mashamba, majengo mapya, nani amepanda kabeji. Nilifurahi kwamba hatimaye tunaongea.

Kaka zangu wawili walio Nairobi walikuwa na neno lingine. Baba alikuwa ameikwaruza nguzo ya lango, kisha akaikwaruza tena, na habari zikawafikia. Wakanipigia simu: mzee asiendeshe tena, mnyang'anye ufunguo, wewe una leseni. Ni rahisi kusema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba aliendesha gari tangu ujana wake, akiwafuata wakulima kwenye njia za matope ambazo hata punda walizikataa, na nilijua kwamba bila ufunguo angekaa barazani kusubiri kufa. Nilijua pia kwamba nguzo haikuhama yenyewe. Nikawa nawaambia kaka zangu kwamba nitaongea naye, na siongei.

Asubuhi moja taa ikiwa imewaka tulishika tena njia ya Nanyuki. Tulipopita Kiganjo injini ilibadilisha sauti na harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, dalili kwamba masizi yameanza kuchomeka. Baba akashikilia mwendo wake. Mlima ulikuwa wazi. Tulipoiacha Naro Moru nyuma, akaniuliza, "Mama, hiyo kitu iko mbele ni lori ama ni kivuli?"

Haikuwa lori wala kivuli. Lilikuwa kundi la mbuzi, na wachungaji wawili wakilivusha.

"Ni mbuzi, baba. Punguza!"

Akapunguza. Mbuzi wakapita.

"Na sasa?"

"Sasa ni wazi."

"Kando hapa kushoto?"

"Bodaboda. Amebeba nyasi."

Aliuliza kwa utulivu kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikifanya kwenye kiti kile safari zote zile. Hakunichukua kuziba pengo la mama. Alikuwa amechukua macho.

"Simama, baba."

"Haijamaliza kuchoma. Tukisimama tunaanza upya."

Nikaogopa. Nikamkasirikia pia, kwa sababu alikuwa ameweka roho zetu na za watu wa barabarani mikononi mwangu bila kuniambia, na wakati huohuo nilimwonea huruma. Kupokonyana usukani kungetuua. Basi nikamsomea barabara. Tuta. Ng'ombe, lakini amefungwa. Lori linakuja, kaa upande wako. Mama mwenye mwavuli. Alifuata kila neno bila kubisha, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kunifuata katika jambo lolote.

"Taa imezima?" akauliza.

Taa ilikuwa mbele ya uso wake, nyuma ya usukani, rangi ya chungwa. Ilikuwa inawaka.

"Imezima," nikasema.

Akawasha indiketa, nikamwongoza, akatoka kwenye lami na kusimama vizuri juu ya nyasi. Injini haikutulia. Iliendelea kunguruma juu kuliko kawaida, feni ikivuma, na harufu ile ikatuzunguka. Baba alikaa mkono ukiwa kwenye gia, akiisikiliza. Nikasubiri anigombeze.

Akafungua mkanda. Akashuka, akazunguka mbele ya pikapu kiganja chake kikiwa juu ya boneti njia nzima, akapapasa mpaka akaupata mlango wangu na kuufungua.

"Songa kule, mama," alisema. "Bado inachoma. Endesha mpaka imalize."