Kwaresima Wakubwa Waliponyimana Ngano

Ilikuwa miaka ya Zaire, Kwaresima ikiwa ndiyo inaanza, redio ya mume wangu ilipotangaza kwamba Amerika imekataa kuwauzia Warusi ngano. Habari za wakubwa zilikuwa zinapita juu ya paa letu kama ndege, lakini ile niliisikiliza hadi mwisho. Kazi yangu parokiani, mjini Bukavu, ilikuwa kuchoma hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, na hostia ni unga wa ngano na maji, hakuna kingine.

Nilichomea katika chumba kidogo cha jiko nyuma ya sakristia. Chuma chenyewe kilikuwa kama koleo refu lenye sahani mbili mwishoni. Unamimina uji mwepesi wa ngano, unabana, unageuza juu ya makaa, na ukifungua unakuta kitu kama karatasi nyeupe yenye alama za msalaba. Kisha unakata miduara kwa mkasi. Mabaki ya pembeni yalikuwa ya watoto wa mtaa, waliokuwa wakingoja mlangoni mikono wazi. Waliokulia parokia yetu wanaijua ladha yake mpaka leo.

Mwaka ule kulikuwa na mtu mzima pia aliyengoja mabaki. Tulimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu wote. Alikuwa ametoka kijijini Mudaka kuja kukaa kwa binti yake, jirani yetu, kwa sababu ya ugonjwa wa kifua, na alipenda kuota makaa yangu huku akiniuliza maswali. Alikuwa mkatekumeni. Pasaka ile angebatizwa na kupokea komunyo ya kwanza pamoja na watoto, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa mama yake wa ubatizo, ingawa kwa umri angeweza kuwa mama wa mama yangu. Binti yake alinivuta pembeni siku moja akaniambia kwamba muganga wa hospitali haoni kama kifua kile kitavuka kiangazi. Koko mwenyewe alijua. Alisema anaomba kitu kimoja tu, ale mezani pa Bwana mara moja, kisha Mungu afanye kazi yake.

Kila juma tulikutana nyumbani kwetu kwa sala ya shirika, jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa. Baada ya sala watu walibaki kuongea, na Kwaresima ile waliongea ngano. Mume wangu alikuwa mwalimu, na kwa kuwa redio ilikuwa yake, maswali yote yalimwendea yeye.

“Banakosana juu ya nini?” Koko aliuliza.

“Murusi aliingiza maaskari kwa jirani yake. Amerika anasema, kama ni vile, ngano yangu hautakula tena.”

“Na hawasalimiane?”

“Wanasalimiana, Koko. Sawa wanawake wawili wa bwana mumoja.”

Watu wakacheka. Jirani yetu mwingine, dereva wa lori la Uvira, hakucheka. Sokoni Kadutu unga wa ngano ulikuwa umeanza kuadimika, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwenye duka alisema ni Amerika. Mama mmoja muuza mandazi alisema kinyume chake: kama Mrusi amenyimwa, basi ngano ile itakosa pa kwenda na itatufikia sisi, tungoje tu. Mwingine alisema Mrusi ataenda kununua kwa wale wanaotuuzia sisi. Dereva hakukubali hata moja.

“Citoyen mwalimu,” alisema, yaani mwananchi, kama serikali ilivyotuamuru kuitana, “acha Amerika ipumuzike. Ngano iko kwa njia ya Uvira. Toka Sange mpaka Luvungi ni potopoto, matope tupu. Magari inalala mule sawa viboko.”

“Na juu ya nini mwenye duka anasema ni Amerika?” mume wangu aliuliza.

“Juu Amerika hawezi kuja kumujibu.”

Nilimtazama mume wangu, naye akaitazama redio. Mpaka leo sijui nani alikuwa na ukweli. Labda wote walikuwa na kipande.

Koko alikuwa na swali lingine, na alilirudia kila juma. Kwao Mudaka mtu alikula bugali, maharagwe, viazi vitamu na ndizi. Ngano aliijulia kwetu, pale jikoni, na kazi yake aliyoijua ilikuwa ile moja.

“Sasa Barusi watakomunika na nini?”

“Koko, kule serikali haitaki mambo ya Mungu.”

“Serikali haitaki, nimesikia. Na bakoko bao?”

Mume wangu akakuna shingo. “Nao pia, nafikiri.”

“Unafikiri. Hapa kwetu pia serikali ilikataza majina ya batisimu, si ni vile? Na wewe, kwa nyumba, muke wako unamwita nani?”

Mtu mmoja akaangalia mlango. Kisha dereva akaanza kucheka, na sote tukamfuata, mume wangu wa mwisho. Tangu siku ile, kila tulipofika kwenye maombi ya waamini, Koko aliwaombea “bale benye balinyimwa hostia,” na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mimi nilijiuliza kama alihitaji kusahihishwa.

Juma Takatifu likatukuta na nusu kopo la unga. Padiri alikuwa ametuma watu maduka yote, na aliyepata alipata ahadi. Nilipima nikaona kwamba, nikiuzimua uji uwe mwepesi kabisa, litawatosha watoto, Koko, na wazazi wachache. Hostia zilizokuwepo tayari zilikuwa za misa za juma lile, na zisingebaki. Nikalifunika kopo, nikaenda nyumbani.

Asubuhi ya Jumatano Takatifu nilikoroga uji, nikapasha chuma, nikamimina. Chuma kililia kuliko kawaida. Nilipofungua, karatasi ilikuwa imenata upande mmoja, na upande wa pili iling'aa kama ukucha. Nikajaribu tena, hivyo hivyo. Nikasogeza pua kwenye kopo. Ilikuwa harufu ya kila nyumba ya Bukavu saa ya kusonga bugali: mihogo.

Koko alikuwa amekaa palepale karibu na makaa.

“Kopo limejaa, uliona?” alisema. Alikuwa na furaha. “Ule wangu ni mweupe sana. Niliuchunga mara mbili na kitambaa. Sasa hakuna mutoto atakosa.”

Nilikaa chini. Sikuweza kumlaumu. Mama gani wa mji wetu hajaongeza unga wa mihogo kwenye ngano ili mandazi yatoshe? Ndivyo tulivyofunzwa kupokea wageni. Lakini Kanisa linataka ngano tupu, na hostia yenye mihogo haiwi hostia, hata padiri aseme maneno yote ya misa juu yake. Nilimweleza polepole. Alinisikiliza, na mikono yake iliyokuwa juu ya makaa ikarudi mapajani.

“Yesu hajue mihogo?” aliuliza.

“Anaijua, Koko. Lakini usiku ule alishika mkate wa ngano.”

“Kwao haikukuwa mihogo.”

“Haikukuwa.”

“Na kwetu haikukuwa ngano,” akasema, si kwa kubisha, ila kama mtu anayepanga vitu viwili mezani avitazame.

Padiri alikuja, akaonja kipande, akafumba macho. Alikuwa mtu mwema, na nilijua anatafuta njia na kwamba haioni. Mwishowe alisema watabatizwa wote siku ya Pasaka, lakini komunyo ya kwanza itangoja Pentekoste, huenda unga ukawa umefika. Nilihesabu moyoni kutoka Pasaka mpaka Pentekoste, kisha nikasikiliza kile kifua kikivuta pumzi karibu nami.

“Padiri,” Koko alisema, “mimi njo niliharibisha. Kama kuna kidogo, upatie batoto. Mi nitangoja.”

“Hakuna hata kidogo, Koko.”

“Ya kweli hakuna. Lakini yale ya mukasi je? Yale si ngano?”

“Yale watoto walishakula,” nilimjibu.

“Yangu hapana.”

Aliinuka kwa shida, akaenda nyumbani kwa binti yake. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Ndani yake yalikuwamo mabaki yote niliyompa tangu mwanzo wa Kwaresima: pembe, vikunjo, vipande vyembamba kama mwezi mchanga, vikavu, visafi, vyote vya ngano tupu. Siku zote nilidhani anakwenda kuvila nyumbani.

“Hukula hata kimoja?” niliuliza.

“Nitakula namna gani cha pembeni kabla ya kile cha katikati? Ningejua mbele utamu wake.”

Padiri alichukua kipande, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakivunja, akakisikiliza kikivunjika. Kisha akaniomba mkasi. Tulikaa watatu pale jikoni, tukakata vipande vidogo kama kucha za mtoto mchanga.

Siku ya Pasaka watoto walipita mmoja mmoja, wasichana na vitambaa vyeupe kichwani. Koko alikuja wa mwisho, ameshika mkono wangu. Padiri alimwekea ulimini kipande chenye pembe tatu, nami ninaamini kilitoka kwenye kitambaa chake, ingawa vyote vilitoka kwenye kitambaa chake. Alirudi kwenye benchi akafunika uso kwa mikono. Hakukohoa mpaka mwisho wa misa.

Zile hostia za mihogo hazikutupwa, na unga uliobaki niliuchoma pia. Hazikuwa zimebarikiwa, kwa hiyo tulizila nyumbani kwetu na chai ya maziwa, na zilikuwa tamu. Dereva alikuja kuaga, kwa maana kesho yake alikuwa anateremka Uvira. Koko alizifunga zilizobaki katika jani la ndizi akampa.

“Za njiani,” alisema. “Na kama unakutana na Murusi, umupe. Umuambie si hostia, ni chakula tu. Asidanganyike.”

“Murusi nitamukuta wapi, Koko? Luvungi?”

“Ulisema magari yote inalala mule.”

Dereva aliweka furushi ndani ya koti lake kwa heshima, kama mtu aliyepewa barua ya askofu. Koko hakuvuka kiangazi. Muganga alikuwa ameona sawa. Lakini dereva alirudi kabla ya hapo, na siku aliyorudi Koko alimngojea mlangoni, amejifunika blanketi.

“Murusi ulimwona?”

“Bado, Koko,” alisema. “Lakini ile chakula ilikwisha. Niligawa na benye walikwama kwa potopoto.”

Koko alifikiri kidogo. “Bote ulibajua?”

“Hapana. Bengine sikubajua.”

“Basi,” alisema Koko, akarudi ndani kuota makaa.