Tunda la Masista

Kwa miaka kumi na mmoja Letisia Haule alisimama kwenye meza ileile, katika kiwanda kimoja cha kufungasha maparachichi pale Makambako, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amekosea tunda. Walikuwa wanawake kumi na wawili wa kuchambua. Wenzake walichambua, yeye alihukumu. Tunda linalofaa kusafiri ng'ambo alilipeleka kulia, lisilofaa alilipeleka kushoto, na ukimbishia alikugeuzia tunda lenyewe akuoneshe alama karibu na kikonyo, ndogo kama kichwa cha pini, kisha akaendelea na kazi bila kukusema. Kukusema angekusema kesho yake wakati wa chai, watu wote wakiwapo.

Alizaliwa Lugarawa, akalelewa jirani na misheni, na malezi hayo yalimwachia tabia moja. Jumapili ya kupeleka vipaji altareni, mama yake hakukubali mtu abebe hindi lenye pengo wala kiazi chenye jeraha la jembe. Kilichotolewa kilikuwa kile kizuri kupita vyote. Basi kiwandani, kila kreti likimwagwa mezani, Letisia alianza kwa kutafuta parachichi zuri kuliko yote, akalitia kwenye kikapu kilichoning'inia upande wa kushoto, juu kidogo ya kreti la yasiyofaa. Hilo lilikuwa tunda la masista. Kila Ijumaa Sista Juliana alikuja na pikapu ya parokia akachukua kikapu kile kwa ajili ya wazee na watoto wanaowatunza. Meneja, Bwana Edward, alijua na kukubali. Wakulima nao walijua. Shemeji yake Yosefu, mwenye shamba Kichiwa, kila akileta mzigo swali lake la kwanza lilikuwa kama tunda lake limeingia kikapuni, na likiingia alitembea kwa maringo mpaka getini.

Mwezi wa tatu alifika Patrick, fundi wa kompyuta kutoka Dar es Salaam, mtu wa makamo, mpole, aliyevaa koti jembamba lisilofaa kabisa kwa baridi ya huku. Alisema kwamba kampuni imeagiza mashine ya kuchambua, na kwamba mashine hiyo haifundishwi kwa maneno. Inatazama mtu anayeijua kazi, nayo inajifunza. Bwana Edward hakufikiri mara mbili. Alimnyooshea kidole Letisia.

Wakafunga kamera juu ya meza yake kwa wiki tatu. Siku ya kwanza Letisia alikuja amesuka nywele upya, ingawa kamera ilikuwa inatazama mikono tu.

"Mama, fanya kama siku zote," Patrick alimwambia. "Usibadilishe kitu hata kimoja."

Naye hakubadilisha kitu hata kimoja.

Mashine ilifika mwezi wa tano, ndefu kama lori na tela lake. Maparachichi yalipita juu ya mkanda, kamera zikayatazama, na vibao vidogo vikayasukuma kulia au kushoto kwa kasi ambayo wanawake wote kumi na wawili wasingeifikia hata wangekuwa na mikono minne kila mmoja. Bwana Edward aliwakusanya akawaambia kwa sauti ya chini, kama daktari mwenye majibu ya vipimo, kwamba majaribio ni ya wiki mbili. Mashine ikifaulu, mezani watabaki watatu. Isipofaulu, itarudishwa ilikotoka na kazi itaendelea kama zamani. Hakuwataja hao watatu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa wa Yosefu. Letisia alisimama kando ya mkanda, mikono nyuma, akitazama mashine ikipitisha maparachichi ya wastani bila wasiwasi. Kisha likaja moja zuri, limejaa, ngozi imetulia, kikonyo kimekatwa vizuri. Kibao kikalisukuma kushoto. Likaja jingine zuri zaidi, nalo kushoto. Aliinama akaliokota, akaligeuza, akaligeuza tena. Hakuona kitu.

"Baba, hili lina nini?" alimwuliza Patrick.

Patrick alitazama kompyuta yake. "Mashine inaona vitu ambavyo jicho halioni, mama."

Maneno hayo yalimwingia vibaya. Kama kuna kitu ndani ya tunda ambacho jicho halioni, basi kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifanya nini? Alichukua matatu kati ya yaliyokataliwa, akayafunga kwenye gazeti, akayaweka kwenye rafu ya jikoni kwake. Yalipoiva akayapasua. Ndani yalikuwa ya manjano, laini kama siagi, bila uzi mweusi hata mmoja. Alikula moja kwa chumvi mpaka likaisha, na bado hakuelewa. Alipokwenda sokoni kununua nyanya alishika moja akairudisha, akashika nyingine akairudisha, mpaka mwenye genge akamwuliza kama ananunua au anafanya ukaguzi. Alicheka ili yaishe, lakini alikuwa ameogopa. Hakuwahi kuiogopa nyanya maishani mwake.

Siku ya tisa Yosefu alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Karibu."

"Sikai. Nimekuja uniambie kosa langu tu. Ni mbolea? Ni maji? Nimechelewa kuvuna? Yale mazuri yote yamekataliwa, na yale ambayo mimi mwenyewe niliyaonea aibu yamepita."

"Sijui, shemeji."

Yosefu alimtazama. "Wewe hujui?"

"Sijui."

Tangu amfahamu, hakuwahi kumsikia akisema hivyo kuhusu parachichi. Alivaa kofia yake. Akasema kwamba wiki ijayo ataikata miti na kurudia viazi, maana kiazi hakina maringo, kisha akaondoka bila kuuliza habari za kikapu. Letisia alibaki amesimama na uchungu ambao hakujua ampelekee nani.

Ijumaa, siku moja kabla ya majaribio kwisha, Sista Juliana alikuja kama kawaida. Bwana Edward alikuwa ameagiza kwamba matunda yaliyokataliwa yasimwagwe, masista wapewe. Sista alifunua kreti la kwanza, akafunua la pili, akajishika kifua.

"Mama Rosemary, safari hii umetuchagulia makreti matano?" Alizoea kumwita kwa jina la binti yake.

"Si mimi, Sista. Ni mashine. Hayo imeyakataa."

"Imeyakataaje? Haya ni yaleyale ya kikapuni. Mkono wako mimi naujua."

Letisia alitazama lile parachichi mkononi mwa Sista, akatazama meza yake iliyokuwa haina kitu, akatazama juu, mahali kamera ilipokuwa imefungwa. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto polepole, kama anayetaka kuutambua ni wa nani. Kwa wiki tatu, kutoka kila kreti, alikuwa amelichukua tunda zuri kupita yote akalipeleka kushoto. Kamera haikujua masista. Iliona kushoto, ikakariri kushoto.

Alimwambia mwenzake Scola, mtu wa meza ya pili, walipokuwa wakinawa mikono. Scola alifunga bomba kwanza.

"Ni wewe peke yako unayejua?"

"Peke yangu."

"Basi kesho ni Jumamosi. Nyamaza siku moja tu, dada. Siku moja. Hiyo mashine itaondoka na sisi tutabaki."

Scola hakukosea. Letisia alirudi nyumbani kwa miguu, akavuka reli, na kila hatua alikuwa na uamuzi mwingine. Akinyamaza, wanawake kumi na wawili wana kazi, naye ana meza yake, lakini Yosefu ataikata miti isiyo na kosa. Akisema, ataiokoa miti na kuipa nguvu mashine. Na lilikuwapo jambo jingine ambalo hakumwambia Scola kwa sababu alilionea aibu: alifurahi. Macho yake yalikuwa mazima. Hakukuwa na kitu ndani ya tunda ambacho hakukiona. Asingevumilia mashine irudishwe huku watu wakiamini kwamba maparachichi yale yalikuwa mabaya.

Jumamosi asubuhi alikwenda ofisini akasema. Patrick alifungua picha za mwezi wa tatu, akautazama mkono ukienda kushoto, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi, akakishika kichwa chake akacheka.

"Mimi ndiye niliyekwambia usibadilishe kitu," alisema. "Samahani, mama. Tutairudia. Siku nne tu, bila kikapu."

Bwana Edward aliongeza muda wa majaribio papo hapo. Alimpigia Yosefu simu mwenyewe, akamwomba radhi, akamwomba asiiguse miti. Alimshukuru Letisia kwa kumpa mkono. Kuhusu wale watatu hakusema neno, na Letisia, ambaye alikuja na swali hilo mdomoni, alitoka nalo.

Jumatatu alisimama tena chini ya kamera. Kikapu kilikuwa kimeondolewa, ukabaki msumari. Wanawake kumi na mmoja walisimama wakimtazama, isipokuwa Scola, aliyekuwa amempa mgongo na hakuwa amemwitikia salamu. Wakamwaga kreti la Yosefu. Letisia aliliona tunda lenyewe hata kabla halijatulia mezani. Mkono wake ukalichukua, ukaenda kushoto kama ulivyozoea, ukafika chini ya ule msumari, ukasimama hewani.

"Kulia, mama," Patrick alisema taratibu.

"Hili ni la masista."

"Najua. Lakini mashine haina mahali pa masista. Ina kulia na kushoto."

"Na mimi, nikimaliza kuifundisha, itaniweka wapi?"

Patrick alivua miwani, akaifuta kwa pindo la lile koti lake jembamba, akachelewa kuivaa.

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Kamera iliendelea kutazama. Letisia alilishika tunda lile kwa muda, akihisi uzito wake, halafu akaliweka kulia, polepole, ili mashine ione vizuri.